Arabuko Sokoke: nilienda kutafuta ndovu nikarudi na picha ya majani

Nimepita pale mara ngapi hata sihesabu. Ukitoka Mombasa kwenda Malindi kwa matatu, ukishaiacha Kilifi mjini unaenda unaenda, mkono wa kushoto miti inaanza kufungamana na inaendelea hivyo mpaka karibu na Gede, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nimelala kwenye kiti ama nabonyeza simu, nikidhani ni vichaka tu vya serikali. Kumbe ndio Arabuko Sokoke, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu kavu wa pwani hapa Afrika Mashariki, kilomita za mraba 420 hivi. Zamani misitu ya aina hii ilikuwa kama ukanda toka kusini mwa Somalia mpaka Msumbiji, saa hii ni viraka viraka, na hiki ndio kiraka chetu. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta ndege mmoja tu mle ndani, sisi tunaupita tukikoroma.

Nimeingia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa aibu tupu na naanza nayo manake bila hiyo ya pili haina maana.

Tulikuwa wanne, Jumamosi ya likizo ya Desemba, mpango wetu wote ulikuwa ni ndovu. Mmoja wetu alisikia kuna ndovu humo basi ikawa ndio wimbo, ndovu ndovu ndovu. Tukafika saa tano asubuhi jua limeshawaka mpaka lami inameremeta. Pale getini tukaulizwa mwataka mwelekezi, tukaangaliana, kila mtu anapiga hesabu ya nauli na chakula cha mchana, tukasema la tutajizungukia wenyewe. Mwenzetu mmoja alibeba spika ile ndogo ya bluutuuthi. Sijui tulifikiria nini wallahi. Tukaingia na muziki, tukicheka, mmoja amevaa fulana nyeupe pe kama karatasi, na mimi na jaketi langu la nailoni manake nilisikia kuna mbu.

Masaa matatu. Tuliona kima mmoja akikimbia kwa juu, vipepeo wengi, na mjusi. Basi. Alafu siafu. Nilisimama kwenye njia kuwapiga wenzangu picha, sikuangalia chini, dakika moja hivi nikahisi kitu kama sindano kwenye kifundo cha mguu, nikajipapasa, sindano ya pili gotini, ya tatu mahali ambapo siwezi kuandika hapa. Siafu ana tabia moja mbaya sana, anapanda kwanza kimya kimya na wenzake halafu ni kama wanapeana ishara wote wanauma pamoja. Nilivua suruali mbele ya rafiki zangu watatu katikati ya msitu na muziki bado unacheza. Ile video ipo mpaka leo, nimeomba ifutwe nimechoka.

Tukatoka tukisema hakuna kitu humo, msitu mtupu, wanadanganya watu. Na mimi nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Ndio maana nimeona niandike.

Ilichukua karibu mwaka na nusu kurudi. Jamaa ninayefanya naye kazi, kwao ni Watamu, alinisikia nikiuponda ule msitu akacheka sana akaniambia mliingia saa ngapi, nikamwambia saa tano, akasema basi mliingia wakati wenye nyumba wamelala mkaanza kulalamika hamkukaribishwa chai. Akanipa namba ya mzee mmoja wa Kigiriama, mwelekezi wa siku nyingi. Nikampigia, mzee akauliza swali moja tu, "Wataka kuona nini?" Nikasema ndovu. Akanyamaza kidogo. "Njoo saa kumi na mbili kasoro. Lala Gede, usije na matatu ya asubuhi, utachelewa."

Nikalala Gede. Saa kumi na mbili kasoro bado kiza mzee yupo kwenye njia panda, amevaa akala, shati la kijani lililopauka, darubini kuukuu shingoni ambayo mkanda wake ni mpira wa ndani wa baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika bega akalifikicha jaketi langu kwa vidole viwili, chwa chwa chwa. "Mwanangu hili ni ngoma hili. Livue." Nikavua. Akaniambia nitie suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na kupe, nilikuwa nimeshajua hilo kwa maumivu nikatii haraka.

Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa mnyama, ni ardhi. Mimi nilidhani msitu ni msitu. Mzee akasema hapa kuna misitu mitatu imelala ubavu kwa ubavu na kila mmoja una wenyewe. Upande wa karibu na barabara ni wa miti mchanganyiko, ndimo yalimokuwa mambambakofi na misandarusi mikubwa, mingine imebaki visiki tu. Ukiingia ndani zaidi mchanga unageuka mweupe kabisa kama wa ufukweni, miti inaachana, mwanga unapita, hapo ni miti ya mrihi. Ukivuka huko mchanga unakuwa mwekundu na miti inakuwa mifupi, imesongamana, vijiti vinakushika nguo, hiyo ni miti inayoitwa Cynometra. Akasema mtu akikwambia anatafuta bundi wa Sokoke kwenye mrihi jua amepotea, na akikwambia anatafuta ndege wa mrihi kwenye ule udongo mwekundu amepotea pia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mnyama yuko wapi unaangalia kwanza umekanyaga nini. Hili sikuliwaza hata siku moja, sisi mara ya kwanza tulizunguka masaa matatu ndani ya msitu mmoja tu kati ya mitatu na tukauhukumu wote.

Sasa nikuelezee sange, manake huyu ndiye aliyenimaliza.

Sange, siku hizi wengi wanasema sengi, ni mnyama mdogo, ukubwa wa kama sungura mdogo, uzito nusu kilo hivi. Ana pua ndefu nyembamba kama mrija ambayo haitulii, inachezacheza kila upande. Miguu myembamba mno. Na huyu wa hapa sasa, mwili una wekundu wa giza giza lakini matako yake ni ya dhahabu, sio rangi ya mchanga, sio hudhurungi, ni dhahabu, kama mtu amemkalisha kwenye rangi. Duniani wapo pwani hii ya Kenya tu, na wengi wao ni humu. Zamani walidhaniwa jamaa ya wale panya wenye pua ndefu, baadaye wataalamu wakaja kuona kwa damu yake yuko karibu zaidi na ndovu kuliko panya. Mzee aliponiambia hivyo akacheka, "Si ulitaka ndovu? Tuanze na binamu yake."

Mimi nikaanza kumtafuta. Yaani natembea nakodoa macho chini kwenye majani makavu, kushoto kulia, kichwa kinazunguka kama feni. Mzee akanisimamisha. Akasema usimtafute sange, msikilize kurumbiza. Kurumbiza ni ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ana tabia ya kumfuata sange nyuma nyuma, manake sange anapopekua majani kwa ile pua yake na makucha wadudu wanaruka, na ndege anaokota. Kwa hiyo ukimuona kurumbiza yuko chini anarukaruka mahali pamoja, anaangalia chini, anasogea kidogo, anaangalia tena, basi simama hapo hapo, kuna mtu anamlimia.

Tukasimama. Mzee akachuchumaa nami nikachuchumaa. Dakika tano, goti linaniuma. Dakika kumi. Mbu mmoja ameamua kuishi kwenye sikio langu. Nikataka kumuua mzee akanishika mkono bila hata kuniangalia. Alafu nikasikia. Si hatua, ni kama mtu anakunja karatasi polepole, kras kras, kimya, kras. Kurumbiza akatua kwenye kijiti. Na hapo chini yake, mita labda sita, majani yakainuka ikatoka pua. Pua tu. Ikanusa huku, ikanusa huku, halafu jicho kubwa jeusi, halafu mwili wote, na akageuka, na ile dhahabu ikapatwa na kijimwanga cha asubuhi kilichopenya pale. Sikupumua. Akachimba kidogo, akatoa ulimi mrefu, akaokota kitu, akasonga.

Halafu mimi nikafanya ujinga. Nikatoa simu.

Hakukimbia papo hapo. Alisimama akapiga mkia chini kwenye majani, tap tap tap, kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Mzee akaninong'oneza, "Anakwambia nimeshakuona, usijisumbue." Nikabonyeza. Akaondoka, na nikisema akaondoka sielewi niseme vipi, alikuwepo halafu hayupo, ukabaki mlio wa majani ukienda mbali. Picha nilionayo ni majani makavu, kijiti, na kwenye kona ya chini kulia kitu cha njano kimefutikafutika.

Mzee hakunigombeza, akanionyesha kiota badala yake. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa nacho na sijui. Ni rundo la majani limeinuka kidogo tu kuliko majani mengine, ungelikanyaga. Akasema huwa wanavijenga alfajiri majani yakiwa na unyevu, yakikauka yanapiga kelele na adui anasikia. Na hajengi kimoja, anajenga kadhaa na kubadilisha pa kulala, leo hapa kesho pale. Wanaishi mume na mke, eneo lao moja na wanalilinda, dume anamfukuza dume mwenziwe na jike anamfukuza jike mwenziwe, lakini kutembea pamoja ni nadra sana. "Wameoana ila kila mtu na hamsini zake," mzee akasema, "kama mimi na mamayo nyumbani, yeye na vipepeo vyake mimi na ndege wangu."

Hiyo ya vipepeo haikuwa utani. Kuna mradi pale Gede unaitwa Kipepeo, ulianza 1993, wakulima wanaopakana na msitu wanafuga viwavi kwenye majani wanayokula, wakifikia kuwa pupa wanawauzia mradi na wanasafirishwa nje kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mke wa mzee ni mmoja wao. Akasema zamani watu wa kijijini kwao walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba, na hakuwalaumu, ndovu walikuwa wakitoka usiku wanamaliza mahindi ya mwaka mzima, mtu mwenye njaa humwambii habari ya ndege. Fensi ya umeme imesaidia, vipepeo vimesaidia, lakini wa kutega nyaya na wa kukata muhugu kwa ajili ya vinyago hawajaisha. Tulipita kitanzi cha waya kimoja, mzee akakichomoa akakitia mfukoni bila kusema neno.

Jua lilipopanda tukavuka mpaka kwenye udongo mwekundu. Hapa nilikuwa najiona mjanja, nilikuwa nimepakua milio ya ndege kwenye simu, nikamwambia mzee nina sauti ya yule bundi, niipige aje? Akakataa kabisa. Sio kwa ukali, lakini alikataa. Akasema ndege akisikia sauti ya mwenziwe anadhani ameingiliwa, anaacha shughuli zake anakuja kupigana na mtu ambaye hayupo, leo wewe, kesho mwingine, ndege mwenyewe ana uzito wa gramu 50 hivi nguvu za kupoteza anazitoa wapi. Nikarudisha simu. Nimefikiria sana hilo baadaye, manake kwa simu ningemuona kwa dakika tano na ningejiona fundi.

Yeye njia yake ni nyingine. Usiku anakuja anasikiliza wanapolilia, ni mlio mmoja mpole unarudiwa rudiwa, anakumbuka upande. Mchana anaingia mwenyewe vichakani kutazama wamelala wapi. Akaniambia nikae, nisitikisike, akainama akapotea kwenye vijiti. Nikakaa peke yangu labda dakika ishirini, na sikwambii uongo niliogopa, unasikia kila kitu, jani likianguka unageuka. Akarudi ananiita kwa mkono.

Tulitambaa. Mikono imechanika kidogo. Akaelekeza kidole, naangalia, sioni kitu. Akaelekeza tena, naona kijiti, na kijiti kingine, na jani kavu. Akasema, "Jani lina macho." Na kweli, jani likafumbua jicho moja, la njano, nusu, likanitazama, likafumba. Bundi mzima anakaa kwenye kiganja! Wawili, wamebanana bega kwa bega kwenye tawi ambalo ningeweza kulishika, mmoja kijivu na mwenziwe mwekundu kama udongo wenyewe, manake wana rangi tofauti tofauti hao. Huyu ndege sayansi ilimjua miaka ya 1960 tu, na kwa muda mrefu ilidhaniwa hayupo pengine popote mpaka 1992 alipopatikana chini ya milima ya Usambara kule Tanzania.

Nikakumbuka nyumbani bundi akilia kwenye paa mama anarusha chumvi na kusoma anachosoma, na sisi watoto tunajifunika. Nikamwuliza mzee kwa sauti ya chini, kwani nyinyi Wagiriama hamumwogopi? Akasema tunamwogopa sana, lakini huyu amenisomeshea watoto.

Ndovu nao? Tuliwapata na hatukuwaona. Wakati wa kutoka tukakuta kinyesi cha jana, halafu kingine kinafuka, kimejaa nyuzi za magome. Mzee akaniita kwenye mti, tope limepakwa kwenye shina juu kuliko kichwa changu, nikaweka kidole likaacha alama. Bado bichi. Moyo ukaanza kwenda mbio, nikasema twende mzee wako hapa hapa. Akaokota mchanga akauachia hewani ukaangukia upande wetu wa nyuma kidogo, kisha ukageuka. Akasema turudi. Nikabishana naye, nakiri, nimelala hoteli, nimeamka kiza, ndovu yuko labda mita mia, turudi vipi? Akanijibu maneno ambayo sijasahau, "Kwenye mbuga ndovu unamuona kabla hajakuona. Humu unamuona ukishamgusa." Upepo ukigeuka anatunusa, na vichaka vile wewe huwezi kukimbia ila yeye vinamlalia kama majani. Nikasikia tawi likivunjika mahali, kah, mara moja. Sikubishana tena.

Nikitaka kuwa mkweli nilitoka nimenuna kidogo kwa sababu ya ndovu, mpaka tulipokaa chini ya mti karibu na kituo nikaanza kuandika kwenye simu nilichoona, nikaona orodha haiishi. Hondohondo, kima, funo mmoja aliyekatiza njia mkia unatingishika, chozi sijui wa aina ngapi, wale wanana weusi na njano ambao hawapo popote duniani ila Kilifi hii, na viota vyao havikujulikana viko wapi mpaka 2013 vilipoonekana kwenye mabwawa ya msimu huko Dakatcha, msitu mwingine wa Kilifi. Vingi kati ya hivyo mzee alivisikia kwanza, mimi nikaviona baadaye. Mara ya kwanza spika yetu ilikuwa imefunika vyote.

Ukienda, lala huko huko Gede ama Watamu, chukua mwelekezi, usibane pesa mahali pale, ni kama kununua samaki ukakataa kulipia moto. Nguo za rangi ya majani makavu na zisizopiga kelele. Maji zaidi ya unavyodhani. Masika njia za mchanga mwekundu zinakuwa matope mabaya, uliza kwanza. Na ukisimama angalia chini, mimi nimeshakwambia.

Kwenye matatu ya kurudi nikamtumia mama ile picha ya sange kwa wasap. Akajibu, "Mbona umenitumia majani?" Nikamwambia akuze, aangalie kona ya chini kulia. Kimya. Halafu, "Hicho cha njano?" Nikamwambia hicho hicho mama, ndiye yeye. Akaniuliza na kitu gani kingine nimeona huko.

Ya bundi sijamtumia mpaka leo.